Gari Lisilo na Ndugu

Torino, 12 Februari 1962

Mpwa wangu Nives,

Marahaba, na salamu kwako na kwa dada yangu Ersilia. Hapa tu wazima. Mkaza mjomba wako Celestina aliteleza kwenye barafu mbele ya duka la mikate, akavunja chupa ya maziwa badala ya mguu, tukaona ni heri. Sungura wake wamezaa tena na sasa hakuna pa kuweka baiskeli. Theluji iko wiki ya tatu. Karakanani tunafua bati huku tumevaa makoti.

Oda ya tajiri wako imefika, nasi tunakushukuru kwa kututaja. Bwana Rolfo alituita mafundi wote kumi na mmoja akaisoma kwa sauti kama padri asomaye Injili. Alipofika pale tajiri aliposema, nawe ukapiga chapa, "Nataka gari lisilo na ndugu duniani. Likikamilika, umbo la mbao lichomwe moto," akatutazama mmoja mmoja ili ituingie.

"Mmesikia?" akasema. "Huyu bwana ana magari tisa bandani, na yote yana ndugu. Hili litazaliwa peke yake na kufa peke yake."

Chasisi na injini ya silinda kumi na mbili zitatoka Modena mwezi ujao. Seremala ameshaanza lile umbo la mbao. Juu yake ndipo nitakapolaza alumini, kipande baada ya kipande, mpaka ipatikane bodi, kama nilivyofanya miaka thelathini na minne sasa.

Lakini gari la mtu mmoja ni kama suti ya kushonesha. Mmenitumia urefu wa bwana huyu, urefu wa mikono yake na wa miguu yake. Vipimo hivyo hata maiti anavyo. Mimi nataka kujua anaingiaje garini. Wako wanaotanguliza mguu, wako wanaotanguliza matako, na wako wanaojitupa tu kama gunia. Akishaingia, anakaa wima au analala? Anavaa kofia? Niandikie kwa mkono wako, si kwa mashine ya ofisi.

Mjomba wako,
Ottavio


Azul, 9 Machi 1962

Shikamoo mjomba,

Barua yako nimeipata Jumatano. Mama mzima, isipokuwa magoti. Mwezi uliopita alipika bagna cauda, ule mchuzi wa kwetu, kwa dagaa wa chumvi wa huku. Vitunguu saumu vilikuwa sawa, dagaa hawakuwa sawa, na majirani wa ghorofa ya chini walipanda kuuliza kama kuna mtu amekufa. Mimi siku hizi nalala hukuhuku shambani, naenda Buenos Aires mara moja kwa mwezi. Chumba changu kina dirisha linaloangalia ng'ombe. Dirisha lolote la hapa linaangalia ng'ombe.

Uliuliza kuhusu Don Evaristo Larralde. Ana miaka hamsini na tisa, mjane. Wanawe wawili, Fermin na Anselmo, wanakaa mjini na wanakuja Jumapili kula nyama na kuuliza bei ya ardhi. Anakaa wima, kama mtu aliyejifunza kuketi juu ya farasi kabla ya kujifunza kuketi kwenye kiti. Kofia haivui hata mezani. Alikuwa akitanguliza mguu wa kulia, kisha anainama, anaingia mara moja bila kushika popote.

Siku alipoagiza, nilimuuliza, "Don Evaristo, tisa hayatoshi?"

Akasema, "Tisa nilinunua ili watu wanione. Hili nataka kuliendesha. Andika, binti, usinihoji."

Basi nikaandika.

Mpwa wako,
Nives


Torino, 25 Aprili 1962

Mpwa wangu Nives,

Salamu za Pasaka, ingawa imeshapita. Tulikula mbuzi. Celestina ameuza sungura sita, baiskeli imerudi ndani.

Umbo la mbao limekamilika na nimemaliza kufua boneti na madigadi ya mbele. Kazi ilikuwa inakwenda vizuri mpaka ilipokuja barua yenu ya mashine ya tarehe tatu. Mlango wa dereva upanuliwe kwa sentimita kumi na mbili.

Kwa mtu wa nje, sentimita kumi na mbili ni upana wa kiganja. Kwenye gari la namna hii ni msiba. Mchoraji wetu, Bwana Perotti, alikwenda kukaa ndani ya choo. Rolfo alizunguka meza mara nne.

"Huu ni mlango au lango?" akapiga kelele. "Anataka kuingia na ng'ombe wake? Ottavio! Mpwa wako yuko huko. Muulize huyo mtu amepatwa na nini!"

Basi nauliza. Je, amenenepa? Akiwa amenenepa, aseme mapema, maana kiti nacho nitakibadilisha, na usukani. Hakuna aibu. Mwaka juzi tulimjengea mtu gari jeupe, na kati ya kupima na kukabidhi aliongezeka kilo ishirini na mbili. Tulimwingiza kwa kumsukuma, akafurahi.

Jambo jingine. Uliandika "alikuwa akitanguliza mguu wa kulia". Siku hizi anatanguliza nini?

Mjomba wako,
Ottavio


Azul, 19 Mei 1962

Shikamoo mjomba,

Huku baridi imeanza. Mama amefuma sweta mbili, moja yako, ataituma akimpata mtu anayesafiri. Anamsalimu sana Celestina na anataka kujua kama ile cherehani ya bibi bado inafanya kazi. Binti wa jirani yetu ameolewa na mwenye duka la saa, harusi ilikuwa na watu mia mbili, mvua ikanyesha, keki ikayeyuka. Mama pia amekasirika kidogo. Siku ya Pasaka alikupigia simu pale baa chini ya nyumba yenu, akalipia dakika tatu, na anasema dakika zote tatu wewe ulisema "ndiyo, ndiyo, vizuri" tu, hata alipokuuliza kama umemsahau. Nimemwambia labda laini ilikuwa mbaya.

Kuhusu ulichouliza: hajanenepa.

Nisamehe, karatasi imeisha.

Mpwa wako,
Nives


Torino, 8 Julai 1962

Mpwa wangu Nives,

Karatasi haikuwa imeisha. Nusu ya ukurasa ilikuwa nyeupe.

Mwambie mama yako sijamsahau, na cherehani inafanya kazi. Kuhusu simu, laini ilikuwa mbaya.

Zimekuja barua tatu za mashine tangu hapo. Ya kwanza: kizingiti cha mlango kishushwe, na kiti kiweze kusogea nje kidogo. Ya pili: kiwekwe kishikio imara darini, chenye uwezo wa kubeba kilo tisini. Ya tatu ndiyo iliyofika juzi: pedali zote ziondolewe. Mafuta na breki viendeshwe kwa mikono, na klachi vilevile.

Nimefanya kazi hii muda mrefu, na hakuna siri mbele ya anayekupima. Mtu anaweza kumdanganya mke wake na daktari wake. Fundi anayemjengea kiti hamdanganyi. Sikuulizi kitu, wala huna haja ya kujaza ile nusu ya ukurasa.

Yuko mzee mmoja Chivasso ambaye baada ya vita aliwatengenezea magari watu waliopoteza miguu. Nilimfuata kwa treni Jumamosi. Amebuni pete inayokaa ndani ya usukani, ukiivuta kwako gari linaongeza mwendo. Breki ni mkono wa chuma upande wa kushoto, unausukuma. Klachi ni kitufe kwenye kichwa cha gia. Hajawahi kuvifunga kwenye injini ya silinda kumi na mbili. Alicheka mpaka akakohoa, akasema, "Lete."

Kuhusu mlango, nimeurudisha mstari wake wa nyuma mpaka pale bodi inapoanza kuvimba juu ya tairi, nikauacha ushuke pamoja na ule uvimbe. Jicho linafuata kivuli, haliuoni upana. Perotti alikuja jana, akatazama robo saa, kisha akasema ndivyo alivyokuwa amechora tangu mwanzo. Nikamwachia.

Liko tatizo moja. Mkataba unamruhusu Rolfo kuliweka gari kwenye maonyesho ya magari ya Torino mwezi wa Novemba kabla ya kulisafirisha. Anataka kuliweka juu ya jukwaa linalozunguka, milango yote wazi.

Mjomba wako,
Ottavio


Azul, 30 Agosti 1962

Shikamoo mjomba,

Nimechelewa kwa sababu nimeiandika barua hii mara nne. Mama mzima, sisi wazima. Ukishaisoma, ichome.

Miguu ya Don Evaristo inakufa, ikianzia chini. Ilianza mwaka jana kwenye vidole, sasa iko magotini. Daktari amempa miaka miwili, labda mitatu, na amesema mikono itafuata. Wanaojua ni daktari, mimi, na wachungaji wawili wa ng'ombe wanaombeba asubuhi kutoka kitandani hadi kiti cha ofisi. Wanawe wakija Jumapili wanamkuta ameshaketi mezani, na wakiondoka wanamwacha ameketi. Wanafikiri ni kiburi.

Aliniapisha kwa Biblia ya marehemu mkewe. Sababu ni hii. Fermin na Anselmo wanataka kuiuza ardhi. Juu ya ardhi hiyo zinaishi familia arobaini za wachungaji, wengine tangu enzi za babu zao, bila karatasi yoyote. Don Evaristo anawaandikia hati za viwanja vyao, kila familia na yake, na mwanasheria anasema zitakuwa tayari kutiwa sahihi Desemba. Wanawe wakijua anaumwa, watakwenda kwa hakimu kesho yake kusema mzee hana uwezo tena. Wana mawakili watatu, naye ana mmoja, tena mwenye usingizi.

Nilimwambia, "Basi ungeahirisha gari mpaka mwakani."

Akanijibu, "Mwakani nitakuwa nimebaki na nini cha kuliendeshea?"

Akiliona mtu yeyote gari lile mlango ukiwa wazi, atauona ule usukani na atajua. Magazeti ya huku huwa yanaandika habari za maonyesho ya Torino. Na Fermin atakuwa Ulaya Novemba, amempeleka mkewe kununua nguo.

Sijui nikuombe nini. Nimekuomba.

Nives


Torino, 18 Novemba 1962

Mpwa wangu Nives,

Salamu kwenu. Barua yako ilikaa mahali wiki tano kwa sababu ya mgomo wa posta, lakini ilinifikia siku nne kabla ya maonyesho, na imechomwa. Celestina ana mafua.

Nilifanya hivi. Usiku wa kuamkia ufunguzi nilivitoa vitasa vya milango yote miwili, nikavitia mfukoni. Vioo nilivipaka chaki nyeupe kwa ndani. Asubuhi nilimwambia Rolfo kwamba vitasa vimepasuka, vingine vinatengenezwa. Alinitukana kwa kilugha cha kwetu, maneno ambayo sijayasikia tangu jeshini. Lakini wageni walikuwa wameanza kuingia, akavaa tabasamu.

Kwa siku kumi na moja nilisimama pembeni ya gari lile, mimi na Gualtiero wa idara ya rangi. Watu walilipenda. Gari ambalo halifunguki linapendwa zaidi, nimejifunza hilo. Ni la kijani kibichi cha chupa ya mvinyo. Mwanamke mmoja alilibusu boneti, ikabidi tulifute.

Siku ya tisa alikuja bwana mrefu aliyevaa koti la sufu ya ngamia, na mkewe. Alinisogelea, akazungumza. Nikamjibu. Akazungumza tena, uso umekuwa mwekundu. Nikamjibu tena. Nilifikiri anauliza mambo wanayouliza wote. Baadaye Gualtiero, akiwa ameshika mbavu kwa kucheka, alinisimulia yalivyokwenda.

Yule bwana alisema, "Wewe ndiye fundi? Hili ni gari la baba yangu. Fungua mlango."

Mimi nikasema, "Ndiyo, kijani. Tabaka kumi na nne."

"Nimesema mlango! Ufungue!"

"Haliuzwi, bwana. Ni la mtu mmoja wa Argentina."

"Argentina ndiko ninakotoka! Huyo mtu ni baba yangu!"

"Kilomita mia mbili na sitini kwa saa," nikasema, "kama barabara imenyooka."

Mkewe ndiye aliyemvuta mkono. "Twende zetu, Fermin. Mzee wa watu ni kiziwi."

Gualtiero anasema ningelipwa kwenye jukwaa la maigizo. Sikuigiza, Nives. Sikusikia hata neno moja. Sikio la kushoto lilikwisha mwaka hamsini na tano, na la kulia linalifuata. Niliowazoea nawasoma midomo, mgeni kwenye kelele simpati. Ni nyundo. Mafundi wote wa bati huishia hapo, mimi nimefika mapema. Karakanani nafua kwa kiganja: bati likiwa tayari linatulia chini ya mkono. Rolfo hajui, Celestina anadhani nimekuwa mkaidi. Mwambie mama yako kwamba siku ya Pasaka laini ilikuwa nzuri.

Umbo la mbao tulilichoma uani jana. Lilikuwa mbao kavu, liliwaka vizuri. Gari linapanda meli Genova tarehe ishirini na sita. Vitasa nimeshavirudisha.

Ottavio


Azul, 3 Februari 1963

Shikamoo mjomba,

Mama alilia kuhusu masikio yako, kisha akakasirika kwamba alilipia dakika tatu. Sweta imo kwenye kifurushi hiki.

Hati zilitiwa sahihi tarehe ishirini Desemba, zote arobaini, mbele ya mwanasheria na mashahidi wawili. Gari lilitoka bandarini tarehe ishirini na nane. Jumapili iliyofuata wana walikuja kula kama kawaida. Lilikuwa limeegeshwa uwanjani mbele ya nyumba, vumbi limeshalikalia. Fermin alipoliona akaanza tena hadithi ya kiziwi wa Torino.

Don Evaristo alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akawaita wale wachungaji wawili, wakambeba na kiti chake mbele ya macho yao, wakavuka uwanja. Mlango ukafunguliwa. Akashika kile kishikio cha darini, akajivuta, akaingia. Hakusaidiwa.

Anselmo akasema, "Baba, miguu yako..."

"Imekufa," akasema. "Lakini mimi bado." Kisha akamgeukia Fermin. "Wewe ulikuwa unataka mlango ufunguliwe kule Torino. Haya, uko wazi. Tazama."

Fermin alitazama. Mzee akavuta ile pete, gari likaondoka, na tukaliona vumbi lake mpaka kwenye njia ya reli, kilomita kumi na nne, na likirudi. Nyama iliungua.

Wanasheria wao walikuja wiki iliyofuata, wakasoma hati, wakaondoka.

Aliliendesha kila asubuhi kwa wiki nne. Halafu mkono wa kulia ukaanza kuteleza kwenye gia. Jumatatu iliyopita alisimamisha gari katikati ya barabara akaniambia, "Hama huko, kaa hapa."

"Mimi? Don Evaristo, sijawahi kuendesha gari lolote. Miguu yangu haifiki pedali za hata moja kati ya yale tisa."

"Unaona pedali hapa?"

Mjomba, unanijua nilivyo, mita moja na nusu nikivaa viatu. Niliweka mito miwili. Siku ya kwanza nilizima injini mara kumi na moja, naye alihesabu kwa sauti. Jana tumepita mbele ya nyumba ya Anselmo pale mjini, watu wamejaa kibarazani. Mzee alipiga dashibodi kwa kiganja akaniambia, "Kanyaga, binti! Kanyaga!"

Nikasema, "Hakuna cha kukanyaga, Don Evaristo!"

Alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Ndiyo mara ya kwanza naona kichwa chake. Ana upara.

Nives


Torino, 2 Juni 1963

Mpwa wangu Nives,

Sweta inanitosha. Hii ni barua ya tatu bila majibu. Kama ni posta, sawa. Kama si posta, sema tu kwamba mko hai.

Rolfo ameyajua masikio yangu. Gualtiero hakuweza kuitunza hadithi ile peke yake. Niliitwa ofisini, nikavaa tai. Rolfo alichukua karatasi akaandika: "Nimejua tangu mwaka hamsini na sita. Rudi kazini." Nikavua tai, nikarudi.

Celestina sasa ananipigia kelele kwa raha zaidi, maana anajua sababu.

Ottavio


Buenos Aires, 11 Septemba 1963

Shikamoo mjomba,

Haikuwa posta. Sikuwa na la kuandika ambalo ningeweza kuliandika.

Don Evaristo alifariki tarehe kumi na nne Juni, kitandani, mchana, mikono yote miwili ikiwa imeshakwenda. Siku tatu kabla yake tulimfunga kwenye kiti cha abiria kwa mikanda ya farasi, nikamzungusha mpaka njia ya reli. Hakuweza tena kuzungumza vizuri. Nilikwenda polepole, akanikunjia uso, nikaongeza mwendo.

Baada ya mazishi Fermin alinipa saa mbili kufungasha. Niko kwa mama sasa, natafsiri barua za kampuni ya ngozi. Familia arobaini ziko palepale zilipokuwa, maana hakimu alizikubali hati.

Magari yote yameuzwa. Yale tisa yalitoka kwa siku mbili. La kijani likawashinda. Fermin alikaa, miguu ikatafuta pedali, haikukuta kitu. Alipovuta pete, gari lilirukia hori la kunyweshea ng'ombe maji. Dereva wa mjini akajaribu, naye akalirudisha nyuma, nusura agonge ukuta. Mnunuzi, Bwana Iraola wa Rosario, alikuwa amesimama pale na lori lake akitazama. Mwishowe walinipigia simu.

Nilikwenda kwa treni. Fermin alinikabidhi ufunguo bila kunitazama. Niliomba mito. Nililitoa bandani, nikalizungusha uwanja mara moja, ambayo haikuwa lazima, nikalipandisha juu ya lori.

"Ni wewe tu unayeweza?" Bwana Iraola akaniuliza.

"Kwa sasa," nikasema.

Ni mtu mpole, ana magari thelathini na hakuna analoendesha mwenyewe, anayafuta vumbi tu. Amenipa kazi ya kumwandikia barua za Torino. Kwa hiyo utapokea ya mashine kutoka kwangu. Anataka mfute bonde lililoachwa na lile hori kwenye bati, anataka pedali zirudishwe, na mlango upunguzwe uwe kama kwenye mchoro wa kwanza. Anasema gari la kipekee halipaswi kuwa na kilema. Nilitafsiri neno hilo kama lilivyo, ndiyo kazi yangu. Gari litapanda meli mwezi ujao.

Nives


Torino, 15 Desemba 1963

Mpwa wangu Nives,

Salamu kwako na kwa mama yako. Celestina mzima. Theluji imeanza mapema, na safari hii ananunua maziwa kwa chupa ya bati.

Pole kwa msiba wa Don Evaristo. Sikuwahi kumwona, lakini namjua kuanzia bega hadi kisigino.

Gari limefika. Lile bonde liko kwenye madigadi ya mbele kushoto, upana wa sahani, kina cha kidole. Nililitoa kwa siku mbili na rangi imesharudiwa. Kiti kimechakaa pembeni, upande wa mlango. Kitambaa cha kishikio cha darini kimekwisha kabisa. Juu ya kiti kulikuwa na mito miwili ya maua, nimeikung'uta na kuirudisha.

Rolfo amesaini barua rasmi leo. Utaipokea pamoja na hii, nawe utamtafsiria Bwana Iraola. Inasema kwamba bonde limeondolewa. Inasema pia kwamba kwa masikitiko makubwa mlango hauwezi kupunguzwa, kwani paa lote linauegemea na litapinda. Na kwamba pedali haziwezi kurudishwa bila kuidhoofisha chasisi na kuhatarisha maisha ya atakayeliendesha. Inamshauri amwajiri dereva aliyekwisha kulizoea.

Maelezo hayo ya kiufundi yametoka kwangu. Rolfo aliniandikia kwenye kipande cha karatasi, "Kweli?" Nikaandika chini yake, "Kweli."

Si kweli. Ni kazi ya wiki mbili. Tafsiri vizuri.

Mjomba wako,
Ottavio